Boma la Wisbech na Mapadri Wafungwa

Wisbech ni mji wa soko upande wa mashariki wa Uingereza, kando ya mto Nene, katika nchi tambarare iliyokuwa zamani mabwawa na matope. Wanormandi, walioitwaa Uingereza mwaka 1066, walijenga boma huko. Baadaye likawa makao ya Maaskofu wa Ely. Mmoja wao, John Morton, alilijenga upya kwa matofali kabla ya mwaka 1500.

Mwaka 1580 serikali ya malkia Elizabeth ililigeuza kuwa gereza la wakatolika. Kati ya wafungwa wa kwanza alikuwamo Thomas Watson, Askofu wa Lincoln, na John Feckenham, Abati wa Westminster. Wote wawili walikataa kuapa kwamba malkia ni mkubwa wa Eklezya, na walikuwa wamekwisha kukaa kifungoni miaka mingi. Feckenham hakukaa bure akihesabu siku zake. Alitengenezesha barabara ya mji, na sokoni akasimamisha msalaba. Tufikiri vema: watu waliokuja kuuza na kununua walipita njia iliyotengenezwa na mfungwa! Wote wawili wakafa mwaka 1584.

Mapadri wengine wakaletwa, hata wakapita thelathini. Mwaka 1588 alifika padri William Weston, Myezuiti. Kati ya mwaka 1594 na 1595 yeye na wenzake wengi walitaka kuishi kwa kanuni, wawe na mkubwa wao. Wakaacha meza ya wote. Wengine, wakiongozwa na padri Christopher Bagshaw, walikataa. Walisema: Nani amempa ukubwa? Tena, tusipoingia kwenu, watu watatudhani waovu. Basi mapadri waliofungwa kwa imani moja walikula mbalimbali chini ya dari moja.

Tusiwahukumu upesi. Kanuni ni kitu chema, na kuuliza amri imetoka wapi si dhambi. Lakini habari za ugomvi zilienea kati ya wakatolika wa Uingereza, zikafika Roma. Mwaka 1595 mapadri wawili walikuja kuwapatanisha, wakakaa tena meza moja. Hata hivyo, kidonda hakikupona kabisa: mwaka 1598, Roma ilipomweka George Blackwell kuwa mkubwa wa mapadri wa Uingereza, magawanyiko yaleyale yalizuka kwa nguvu zaidi.

Boma lile halipo tena. Mahali pake palijengwa nyumba kubwa katika miaka ya 1650, nayo ikabomolewa mwaka 1816. Barabara za mviringo zinaonyesha lilipokuwa.

Ndugu wapenzi, minyororo ya malkia haikuwatenga wale mapadri, walitengana mezani. Sisi nasi, tunaokula pamoja kila siku kwa mlio wa kengele, tuulizane: ndugu yangu ameketi wapi leo?