Nani Amlipie Mwanafunzi Fukara? Zaka, Wakfu na Karo katika Historia ya Uislamu

 

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vyuo vikaanza kupokea wanafunzi, maimamu wa misikiti yetu huletewa barua za aina moja. Kijana amefaulu na amepata nafasi chuoni, lakini mzazi hana kitu, na yeye mwenyewe hajawahi kuajiriwa wala hana ufundi wa kumwingizia chochote. Anaomba asaidiwe karo. Majibu anayopata mara nyingi ni mawili: ama akafanye kazi kwanza akusanye fedha, kisha ndiyo asome, ama fedha iliyopo ni ya zaka, na zaka si ya mtu mwenye nguvu zake.

Jibu hili la pili lina asili. Amepokea Abu Daud na wengineo kwamba watu wawili walimwendea Mtume (SAW) katika Hija ya kuaga wakaomba fungu katika sadaka. Aliwatazama, akaona miili yao ina nguvu, akawafahamisha kwamba tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Hadithi hii hakuna wa kuipinga. La kuangalia ni namna wema waliotangulia walivyoifahamu pale aliyesimama mbele yao alipokuwa mwanafunzi.

Wanafunzi wa mwanzo wasio na mali katika Uislamu walilala msikitini. Hao ni watu wa Suffa, Masahaba waliokaa chini ya kivuli katika upande wa nyuma wa Msikiti wa Mtume, Madina, bila jamaa wala makazi. Hawakuwa wavivu. Wamo waliokuwa wakitafuta kuni mchana na kuziuza, na usiku wakisoma Qur'ani. Hata hivyo kuni hazikuwatosha, na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (SAW) alipoletewa sadaka aliwapelekea wao, na alipoletewa zawadi alishirikiana nao. Miongoni mwao alikuwa Abu Hurayra (r.a.), ambaye baadaye watu walistaajabu kwa wingi wa Hadithi alizohifadhi. Alieleza sababu yake waziwazi: ndugu zake Muhajirina walishughulishwa na biashara sokoni, Ansari walishughulishwa na mali zao, naye akamganda Mtume (SAW) akiridhika na cha kushibisha tumbo tu. Lau angeliambiwa aende kwanza sokoni, ni Hadithi ngapi tungelizikosa?

Katika zama za Maimamu msaada ulikuwa wa mtu kwa mtu. Imamu Shafii (150–204 H) alilelewa Makka na mama mjane asiyekuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu aliridhika kijana awe anawasimamia watoto wenzake kila yeye anapoondoka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ada yake. Karatasi hakuwa nayo, akaandika juu ya mifupa. Kule Kufa, Abu Yusuf alikatazwa na wazazi wake darsa za Imamu Abu Hanifa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na riziki na kijana alitakiwa akachume. Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipoona nafasi ya mwanafunzi wake i tupu aliuliza habari zake, akampa mfuko wa dirhamu mia moja, akamtaka asiache darsa, na zikiisha amjulishe. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf hakuhitaji kumjulisha hata mara moja, kwani kila zilipokaribia kwisha aliletewa nyingine. Mwanafunzi huyo ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Harun ar-Rashid.

Lakini si kila mji una Abu Hanifa, na tajiri akifa huenda mkono wake ukakatika. Hapo ndipo wakfu ulipochukua nafasi. Mali inafungwa, haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake linatolewa kwa waliotajwa, kama alivyofanya Sayyidna Umar (r.a.) kwa ardhi yake ya Khaybar kwa maelekezo ya Mtume (SAW). Mwaka 459 H (1067) waziri Nidham al-Mulk alifungua Madrasa Nidhamiyya, Baghdad, ikiwa na wakfu wa kuwalipa walimu na kuwatunza wanafunzi.

Isidhaniwe kwamba wanachuoni wote walishangilia. Haji Khalifa ametaja kwamba wanachuoni wa Ma Waraa an-Nahr, waliposikia kuwa Baghdad zimejengwa madrasa zenye posho, walikaa matanga ya kuililia elimu, wakihofia itafutwe na wenye tamaa. Naye Sheikh Abu Ishaq ash-Shirazi, ambaye Nidhamiyya ilijengwa kwa ajili yake, hakutokea siku ya ufunguzi. Alikuwa amepata habari kwamba katika jengo lile kuna kitu cha ghasbu, yaani kilichochukuliwa kwa dhulma. Ibn as-Sabbagh akafundisha badala yake kwa siku ishirini, mpaka Abu Ishaq alipokubali kukaa. Inaelezwa kwamba hata baada ya hapo, wakati wa Sala ukiingia, alitoka akasali msikiti mwingine. Basi kuuliza fedha ya elimu imetoka wapi si wasiwasi wa watu wa leo.

Hofu ya wale wa Ma Waraa an-Nahr ilikuwa na ukweli ndani yake, na shahidi ni Imamu Ghazali mwenyewe. Yeye na ndugu yake Ahmad waliachwa mayatima katika mji wa Tus, chini ya uangalizi wa rafiki wa baba yao aliyekuwa fakiri. Urithi mdogo ulipokwisha, mtu yule aliwashauri waingie madrasa ili wapate chakula. Ghazali hakuficha baadaye kwamba waliingia kwa ajili ya tumbo, na elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine isipokuwa Allah. Mwaka 484 H (1091) alikaa kitini Nidhamiyya kufundisha.

Mfano uliokamilika zaidi ni Mustansiriyya, iliyofunguliwa Baghdad mwaka 631 H (1234). Ilipangiwa wanafunzi wa fiqhi 248, yaani 62 kwa kila moja ya madhehebu manne, wakiwa na chakula, wino na karatasi, mafuta ya taa, hamamu na tabibu.

Katika mwaka huohuo wa 631 H alizaliwa Nawa, kusini ya Damascus, Imamu Nawawi. Huyu tungependa msomaji amtazame kwa makini. Alifika Damascus mwaka 649 H, kijana wa miaka kumi na tisa. Akapewa chumba katika Madrasa Rawahiyya, na chakula chake kikawa posho ya madrasa, hana kingine. Kwa muda wa miezi minne na nusu hivi alikihifadhi kitabu cha Tanbih, na mtungaji wa Tanbih ni yuleyule Abu Ishaq ash-Shirazi aliyechelewa kukaa kitini Nidhamiyya.

Kijana huyo alipokuwa mwanachuoni, akaandika katika al-Majmuu hukumu ya suala letu. Mtu anaweza kuchuma kazi inayomstahiki, lakini ameshughulika kusoma elimu ya Sharia kiasi kwamba akigeukia kuchuma atakatika na masomo: huyo zaka ni halali kwake, kwa sababu kuipata elimu ni fardhi kifaya. Ama asiyetarajiwa kupata kitu katika elimu, naye anaweza kuchuma, zaka si halali kwake hata akiwa ni mkaazi wa madrasa. Na anayeacha kazi ili ashughulike na ibada za sunna, naye hapewi, kwa kuwa manufaa ya ibada yake ni ya nafsi yake, ilhali manufaa ya elimu yanawafikia wengine. Kwa hiyo Hadithi ya wale watu wawili imebaki mahali pake. Imamu hakutazama misuli ya kijana peke yake. Alitazama kitakachopotea akipelekwa sokoni. Wala hakufungua mlango kwa kila mwenye kitambulisho cha uanafunzi. Hanbali nao wana kauli ya kumpa zaka mtafuta elimu aliyejitenga kwa masomo. Nasi wa Pwani, ambao Minhaj ya Nawawi ni kitabu chetu cha kadhi na cha darsa, ni ajabu tukimjibu kijana kana kwamba suala hili halikuandikwa.

Patasemwa: Nawawi amesema elimu ya Sharia, na kijana wetu anakwenda kusomea utabibu. Ni swali la haki. Imamu Ghazali katika Ihyaa aliuhesabu utabibu na hesabu katika fardhi kifaya, na akalalamika kwamba miji mingine haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu, huku watu wakirundikana katika fiqhi. Ikiwa illa ya hukumu ni fardhi kifaya, basi illa hiyo ipo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika Fiqhu az-Zaka ameelekea huko, kwa mwenye kujitenga kutafuta elimu yenye manufaa. Sisi tunaiona kauli hiyo ni yenye nguvu, kwa sharti zilezile za Nawawi: awe hana kitu, awe anafaulu, na kazi iwe kweli itamkata.

Wakfu nao ulipatwa na misiba. Al-Azhar ilikuwa na riwaki ambamo wageni walikaa na kupewa mikate, mojawapo ya Wajabarti wa kutoka Zeila na Uhabeshi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muhammad Ali Pasha alitia mkono katika ardhi za wakfu, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 serikali ya Misri ilifuta wakfu za kizazi na kuziweka zile za kheri chini ya wizara. Kwetu, Riyadha ya Lamu chini ya Habib Swaleh iliwapokea mwanzoni mwa karne ya 20 wanafunzi wa mbali na wa chini, na Zanzibar ilikuwa na Kamisheni ya Wakfu tangu 1905. Lakini tukihesabu wakfu za Pwani tutakuta nyingi ni za misikiti, makaburi na visima. Za karo ni chache mno.

Pengo hilo likajazwa na mkopo. Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa mkopaji alitozwa asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Waislamu wengi waliuliza kama hiyo si riba. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilikwishaamua kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, wala haifai kulifungamanisha na kupanda kwa bei. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na tatizo la riba kwa upande huo likaondoka. Limebaki la wale wasiopata mkopo, au wanaopata nusu.

Ipo njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, na Kenya na Tanzania zimo. Kwa mwanafunzi fedha ile ni karadha njema isiyo na ziada, na kwa jamii yake ni msaada. Akihitimu na kupata kazi harudishi Jeddah. Hulipa kidogokidogo katika mfuko wa Waislamu wa nchi yake, ili asomeshwe mwingine. Msikiti wenye maduka mawili ya kupangisha unaweza kuanza na mwanafunzi mmoja kwa utaratibu huohuo, ikiwa sharti za mwenye kuweka wakfu zinaruhusu. Kama haziruhusu, pato lile haliguswi, na kijana atazamwe kwa upande wa zaka.