Muungano wa Wanavijiji: Miaka 30 ya Kulinda Mtaa

Ukisimama Barabara ya Juja na kuipa mgongo Eastleigh, nyuma yako ni ghorofa juu ya ghorofa, maduka yamejaa hadi kwenye ngazi, na zile nyumba za zamani zenye ua zinazidi kupungua. Mbele yako ardhi inateremka ghafla kuelekea Mto Mathare, na katika bonde hilo ndimo vilimo Mashimoni, Mabatini, Kosovo, 4A, 4B na Gitathuru. Wenyeji huviita vijiji. Kila kimoja kina mipaka yake, wazee wake na kumbukumbu yake ya nani alifika lini. Bei ya ardhi inapanda hatua chache tu kutoka hapo, na vijiji bado vipo. Hilo halikuja kwa bahati. Wapo watu waliolipigania, na wengi wao walikutana katika chama kilichoanza mwaka 1996: Muungano wa Wanavijiji.

Kubomolewa si jambo geni Nairobi. Kijiji cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Mathare ilisawazishwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Uhuru ulipokuja watu walirudi, wakaunda kamati za vijiji, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kuchangishana katika kampuni ili wanunue ardhi waliyoikalia. Baadhi ya kampuni hizo ziliishia mikononi mwa wenye fedha, na waliochanga wakageuka wapangaji. Kisha ikaja Mei 1990, pale Muoroto, karibu na stesheni ya mabasi ya mashambani. Askari wa kanjo walifika na tingatinga, wakazi wakapambana nao, na kijiji kikaangushwa. Novemba mwaka huohuo ilikuwa zamu ya kijiji cha Kibagare. Maelfu walilala nje, na hakuna aliyewauliza waende wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya unyakuzi. Ardhi ya umma iligawiwa kwa barua kwa watu waliokuwa karibu na wakubwa, na mara nyingi kijiji kilijua kimeuzwa siku mpimaji alipoonekana akipigilia vigingi. Kulikuwa pia na mioto ya usiku ambayo wakazi hawakuamini kamwe kuwa ni ajali. Katika hali hiyo watu wa vijiji mbalimbali vya Nairobi walianza kukutana, wakisaidiwa na mawakili wa Kituo cha Sheria na viongozi wa dini kama Padre Alex Zanotelli, aliyeishi Korogocho kwa zaidi ya miaka 10. Wazo lao la kwanza lilikuwa rahisi na la kijasiri: kijiji kimoja kikipewa notisi, notisi hiyo ni ya vijiji vyote. Wakati mawakili wakitafuta amri ya mahakama, wanavijiji walijaza kiwanja kilichogombaniwa.

Ujasiri huo uliokoa makazi mengi, na ni haki waasisi wake waheshimiwe leo. Lakini ulikuwa na mpaka. Ukiizuia tingatinga leo, kesho inarudi, na wewe bado huna choo, huna maji wala karatasi. Mwaka 2000 ilianzishwa Pamoja Trust, ikiongozwa na Jane Weru, wakili aliyetoka Kituo cha Sheria, na kupitia shirika hilo Muungano ukaunganishwa na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa ya mabanda, SDI, wenye mizizi India na Afrika Kusini. Kutoka huko zilikuja mbinu mbili: kuweka akiba kila siku na kujihesabu wenyewe. Wapo wanaharakati waliouliza shilingi 10 za mama mboga zitamzuiaje mnyakuzi. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake lilipatikana Huruma, mwendo mfupi kutoka Eastleigh.

Kijiji cha Kambi Moto, pale Huruma, kilipata jina hilo kwa sababu ya mioto iliyokiunguza tena na tena. Mwaka 2001 wakazi wa Kambi Moto na wa vijiji jirani vya Huruma walipita nyumba kwa nyumba wakijiandika: jina, miaka waliyokaa, mwenye nyumba au mpangaji. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wote. Katika mitaa ya mabanda, mwenye nyumba aliyejenga vyumba 10 vya mabati na mpangaji anayelipa kodi humo hawana masilahi sawa, na miradi mingi ya kuboresha mitaa imevunjika papo hapo. Kambi Moto walijadiliana hadi wakakubaliana kwamba kila kaya, ya mwenye nyumba au ya mpangaji, ipate nafasi moja. Kwa maoni yangu, makubaliano hayo ndiyo tendo kubwa kuliko yote katika historia ya Muungano, kuliko hata kesi yoyote ambayo mnyakuzi alishindwa, kwa sababu waliokuwa na zaidi walikubali kupungukiwa ili jirani asiondoke.

Ndipo wakasimamisha mfano wa nyumba kwa miti na vitambaa, kwa ukubwa wake halisi, watu wakaingia ndani wakipima kitanda kitakaa wapi na jiko litakuwa wapi. Mwaka 2003 walitia saini makubaliano na Halmashauri ya Jiji, ambayo ililegeza kanuni zake za ukubwa wa ploti. Kiwanja cha kila kaya ni mita 4.5 kwa 4.5 tu, na nyumba inapanda juu kadiri mwenyewe anavyopata uwezo. Sakafu za juu zilijengwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa mtaani humo, na wanawake wengi waliokuwa hawajawahi kushika mwiko wa fundi wakajifunza kazi hiyo. Awamu ya kwanza ilikuwa nyumba 34. Mikopo ilipitia mfuko wa Muungano wenyewe, Akiba Mashinani Trust.

Huruma hiyohiyo, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, ghorofa ya vyumba vya kukodisha iliporomoka kando ya mto na kuua zaidi ya watu 50. Sisemi ghorofa ni uovu; Nairobi inahitaji nyumba. Nasema zilijengwa namna mbili za Huruma, moja na waliokusudia kuishi humo na nyingine na aliyekusudia kukusanya kodi, na jiji linapaswa kujua tofauti.

Kazi ya Muungano haikuishia Huruma. Nyuma kidogo, mwaka 2004, notisi za kuhama zilitolewa kwa walioishi kando ya reli. Muungano na Pamoja Trust walikwenda Mumbai pamoja na maafisa wa Shirika la Reli kuona wenzao walivyohamishwa bila kutupwa, na matokeo yake yakawa mpango wa makazi mapya.

Kazi kubwa zaidi ilikuja katika mitaa ya mabanda ya Mukuru. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango: kaya zaidi ya 100,000 kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa ilikuwa imegawiwa watu binafsi kwa ajili ya viwanda ambavyo havikujengwa. Utamshirikishaje kila mtu katika umati huo? Wakazi walijipanga kaya 10 kwa 10, wakauita utaratibu huo Tujuane Tujengane, na wawakilishi wakapeleka hoja ngazi kwa ngazi. Walibishana na wataalamu hata juu ya upana wa barabara, kwa kuwa kila mita inayoongezwa ni nyumba za watu zinazoondoka. Hata hivyo, mwaka 2021 tingatinga zilirudi Mukuru kwa Njenga na maelfu wakabaki bila makao. Mpango mzuri haukuwakinga wote.

Leo mmoja wa viongozi wa Muungano, Joseph Muturi, amefikia kuwa mwenyekiti wa SDI duniani. Nyumbani, mafuriko ya Aprili 2024 yalifuatwa na ubomoaji kandokando ya Mto Mathare, na walioondolewa wengi wao walikuwa wapangaji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kutangaza maeneo maalumu ya mipango. Kaunti na iitumie kwa vijiji vyote vya Mathare, ianze na orodha iliyoandikwa na wakazi wenyewe, mpangaji akiwemo, na ifanye hivyo kabla ghorofa za Eastleigh hazijavuka Barabara ya Juja.