Kisanduku chenye Nyota Nyekundu

Mwaka wangu wa kwanza kazini nikiwa tabibu, niliandika uongo kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali. Sikukusudia. Ilikuwa Jumatatu, foleni imefika hadi nje ya mlango wa kliniki, na mbele yangu ameketi mama wa rika la mama yangu, amekuja kuchukua dawa za presha. Skrini ikakataa kunipeleka ukurasa wa pili. Kulikuwa na kisanduku chenye nyota nyekundu: mzio wa dawa. Usipokijaza, huendi popote. Nikabonyeza "hakuna", nikaendelea.

Wiki kadhaa baadaye mama yule alirudi usiku, ana homa na kikohozi. Mwenzangu wa zamu alifungua rekodi yake, akasoma "hakuna", akaagiza sindano ya penisilini. Dakika chache baadaye midomo ya mama ilivimba, pumzi ikaanza kumkatika. Walimwahi kwa adrenalini. Asubuhi nilipompitia wodini alitoa mkobani daftari la shule, kona zimekunjika. Ndani yake, kwa wino mwekundu, muuguzi wa zahanati ya kwao alikuwa ameandika: asipewe penisilini.

"Nilikuwa nalo hata siku ile, mwanangu," aliniambia. "Hukuliomba."

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya rekodi za wagonjwa, nikitafuta tulipopotelea. Kila mara najikuta nimerudi Mosoriot.

Mosoriot ni kituo cha afya huko Nandi, kusini mwa Eldoret. Mnamo Februari 2001 kilianza kutumia mfumo wa rekodi wa kompyuta uliotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Vifaa havikuwa vya kutisha: kompyuta mbili zilizounganishwa, na betri za umeme wa jua kwa saa ambazo stima imepotea. Programu yenyewe ilijengwa juu ya Microsoft Access, ile ile ambayo maofisi mengi yalikuwa nayo.

Kinachonivutia ni mahali walipoziweka kompyuta hizo. Hazikuwekwa mbele ya tabibu. Mgonjwa alisajiliwa na karani, akapewa fomu ya karatasi, akatembea nayo chumba hadi chumba. Tabibu aliandika kwa kalamu, kama alivyozoea. Mwishoni karani aliipokea fomu ile na kuyaingiza yaliyomo kwenye kompyuta. Kazi ya kuchapa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yule anayepaswa kumsikiliza mgonjwa.

Wazo hilo lilikuwa na ukoo. Mwaka 1972 huko Indianapolis, Clement McDonald na wenzake wa Taasisi ya Regenstrief walianza kujenga mfumo wao wa rekodi. Mwaka 1976 McDonald alichapisha utafiti uliodai kwamba makosa mengi ya madaktari hayatokani na ujinga. Yanatokana na kichwa cha binadamu kubebeshwa mambo mengi kuliko kinavyoweza kukumbuka. Basi kompyuta imkumbushe. Katika hesabu hiyo mashine ndiyo mtumishi, na daktari ndiye anayetumikiwa.

Watafiti waliingia Mosoriot na saa mkononi, wakapima kabla ya mfumo na baada yake. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22. Muda aliokaa na wahudumu ulipungua kwa asilimia 58. Wahudumu nao walipata nafasi zaidi ya kushughulikia mambo yao binafsi, jambo ambalo watafiti waliliandika bila kuona haya. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili ile asilimia 58 ilinikaa rohoni. Saa inaweza kupima dakika ambazo watu wawili wamekaa chumba kimoja. Haipimi kama mmoja alimuuliza mwenzake swali lililostahili.

Kutoka Mosoriot mfumo ulikua ukaingia kliniki za Virusi vya UKIMWI za magharibi mwa Kenya. Mwaka 2004 ukazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo nchi yoyote ingeweza kuichukua na kuishona kwa kipimo chake. Mwaka 2006 ilikuwa ikitumika Eldoret na pia Rwinkwavu, Rwanda. Baadaye Kenya ikajenga KenyaEMR juu ya msingi huo huo.

Wakati huohuo Malawi ilishika njia nyingine. Shirika la Baobab Health lilimpa mhudumu mwenyewe skrini ya kugusa kwa kidole, tena kwa swali moja kwa wakati mmoja, ili hata asiyewahi kushika kompyuta asipotee. Walikubali kwamba mhudumu atachapa, kwa hiyo wakaanza kwa kujiuliza kidole chake kitakwenda wapi.

Njia zote mbili zilimfikiria mtu aliyeketi kwenye kiti changu. Katika hospitali niliyoanzia kazi, sidhani kama kuna aliyemfikiria. Karani aliondolewa, kazi yake ikahamishiwa kwangu, na foleni haikupungua. Maswali yalipangwa kwa kufuata ripoti za mwisho wa mwezi. Mgonjwa naye hasimulii kwa mpangilio wa ripoti.

Sisemi turudi kwenye makaratasi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kutoka kliniki ya watoto huko huko Eldoret: pale ambapo wahudumu walipewa vikumbusho vya kompyuta, asilimia 68 ya huduma zilizokuwa zimechelewa zilitekelezwa, pasipo vikumbusho, asilimia 18. Hao ni watoto halisi waliopata vipimo ambavyo wangevikosa. Rekodi inayosomwa na wengi huokoa maisha. Lakini uongo ulioandikwa humo nao husomwa na wengi. Daftari la mama likikosewa, kosa hubaki mkobani mwake. Mfumo ukikosewa, kosa humtangulia kila aendako, na huwa limevaa sare ya hospitali.

Nilikwenda kwa vijana wa kompyuta nikawaomba kitu kimoja: kando ya "upo" na "hakuna", waongeze "sijauliza". Mmoja alishangaa. "Daktari, sasa nani atakubali kubonyeza hapo?" Nikamwambia mimi. Ilichukua miezi, lakini waliongeza. Mwezi wa kwanza "sijauliza" zilikuwa nyingi mno, mkuu wetu akaniita kunihoji. Nilimwonyesha kwamba kabla ya hapo zote zile zilikuwa zikiitwa "hakuna".

Mama yule bado anakuja kuchukua dawa za presha. Safari moja niligeuza skrini ili aone mwenyewe: penisilini, kwa maandishi mekundu, juu kabisa ya jina lake. Alitazama kwa muda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua mkoba, akaweka daftari mezani.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa niandikie na huku."