Udongo Uliotupwa Juu

Ukisimama kileleni mwa Kiima Kimwe, kilima kinachoutazama mji wa Machakos kutoka kusini, macho hunaswa na vitu viwili: bwawa la Maruba linalong'aa bondeni, na miteremko ya vilima jirani iliyochorwa mistari, mmoja juu ya mwingine kama vidato vya ngazi. Wapanda milima husifu mandhari hii kuwa kazi ya maumbile. Sifa hiyo ni ya heri, lakini inawanyima haki watu. Maji yale yapo kwa kuwa mto ulizuiwa, na mashamba yale yangali na udongo kwa kuwa vizazi vya wakulima, wengi wao wanawake, waliupandisha kwa jembe. Kinachoonekana kutoka kileleni ni historia ya kazi, nayo inasomeka waziwazi kwa anayejua pa kutazama.

Wakamba waliishi vilimani kabla ya kushuka tambarare. Mbooni, Iveti na vilima vya jirani viliwapa mvua, chemchemi na usalama dhidi ya mapigano ya uwandani. Kupanda mlima ilikuwa njia ya kwenda nyumbani, au kwenda ithembo, pahali patakatifu palipotolewa sadaka chini ya miti mikubwa. Wakoloni walipojenga ngome yao Machakos mwaka 1889, kisha wakahamishia makao Nairobi mwaka 1899 reli ilipoupita mji huu kando, mipaka ilianza kuchorwa. Vilima vya Mua na sehemu kubwa ya uwanda wa Athi vilikwenda kwa walowezi, na Wakamba wakabaki na mifugo yao ndani ya hifadhi iliyobana. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali aliyeshughulikia uhifadhi wa udongo, aliieleza Machakos kama nchi inayogeuka jangwa la mawe na mchanga. Makorongo aliyoyaona yalikuwepo kweli. Ila lawama ilitupiwa ng'ombe na mwenye ng'ombe, na ardhi iliyochukuliwa haikupewa uzito wake. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwakamata ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikisubiri Athi River. Umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea kwa miguu hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya kunipinga inapoinuka: si hao hao wakoloni walioleta matuta, mistari ile ya miteremkoni? Kwa kiasi, ndiyo. Waliamuru watu wachimbe, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaongeza fedha na wataalamu. Lakini yafaa kutazama ni matuta gani yaliyodumu. Maofisa wengi walipenda tuta jembamba, lililochimbwa upesi na kuhesabika upesi kwenye ripoti. Wakulima walipendelea lile ambalo leo linaitwa, hata katika vitabu vya nchi za mbali, kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, kina chake kama nusu mita au zaidi, na udongo wote huutupa upande wa juu, kinyume na mteremko. Ni kazi inayovunja mgongo, maana udongo hutaka kwenda chini na wewe unaurudisha ulikotoka. Juu ya kingo hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe, na mizizi yake huushika udongo. Mvua inapokuja, maji hutuama nyuma ya kingo yakazama taratibu, na matope yaliyobebwa kutoka juu hulala hapo. Msimu baada ya msimu mteremko hunyooka, mpaka shamba lililokuwa ubavu wa mlima linakuwa sakafu ya mahindi, maharagwe na mbaazi. Wageni huenda Kituluni, pale Kyamwilu, kushangaa maji yanayoonekana kupanda mlima. Mimi naona ajabu kubwa zaidi ni udongo huu, uliopanda kweli.

Kazi hiyo ilifanywa kwa mwethya, desturi ya majirani kukusanyika shambani kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho. Uhuru ulipokaribia, matuta mengi ya amri yalitelekezwa, maana yalinuka ukoloni. Miaka ya 1970 na 1980 wakulima walichimba tena kwa hiari. Wapo watakaosema kwamba pesa za Nairobi, mishahara ya askari na bei ya kahawa ndizo zilizoifufua Machakos. Pesa hizo zilisaidia, sikatai, na sehemu kame za wilaya ya zamani ya Machakos hazikunufaika sawa na vilima vyenye mvua. Lakini mshahara wa mjini ungeweza kuishia mjini. Ulirudi shambani kwa sababu palikuwa na shamba lililostahili kurudiwa. Wilaya hiyo, kabla ya Makueni kujitenga mwaka 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mapema miaka ya 1930, na takriban milioni 1.4 katika sensa ya 1989. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994, walionyesha kwamba watu walipoongezeka mmomonyoko ulipungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda. Utabiri wa jangwa ulishindwa na majembe.

Bwawa nalo lina fungu lake katika kazi hii. Udongo usiozuiwa mlimani huishia bondeni, na adui mkubwa wa bwawa lolote Ukambani ni tope linalojaa mahali pa maji. Kila ukingo unaobomoka hupunguza maji ya mji. Kwa hiyo unayepanda kwenda kutazama Maruba kutoka juu, usikate njia ya mkato katikati ya matuta, hasa ardhi ikiwa mbichi baada ya mvua. Zunguka kwenye ncha ya shamba, pale wenyeji wanapopita.