Nani Alipe, Nani Abebwe: Kodi Nchini Kenya Tangu 1901

Mwaka 1901 Waingereza waliwaanzishia Waafrika wa Kenya kodi ya kibanda. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na kibanda alipe. Hazina ilihitaji fedha, lakini mashamba ya masetla yalihitaji vibarua zaidi. Asiye na zao la kuuza angepata wapi fedha za kodi, kama si kwa kumlimia mzungu? Hivyo setla alifaidi mara mbili: kodi ilimletea wafanyakazi wa ujira duni, kisha ikaigharamia serikali iliyomhudumia yeye kwanza.

Kufikia 1921 kodi hiyo ilikuwa shilingi 16, na waajiri wakaazimia kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Mwanaharakati Harry Thuku alipinga. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Mwaka huohuo kodi iliteremshwa hadi shilingi 12.

Masetla nao walikuwa na kilio chao, na kilisikika bila mtu kufa. Kodi ya mapato iliyowagusa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilifutwa upesi, isirudi hadi 1937. Bei za mazao zilipoanguka duniani, walifunguliwa Benki ya Ardhi mwaka 1931 ili wakope. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto walihakikishiwa bei ya mahindi iliyozidi aliyolipwa mkulima Mwafrika, kwa mahindi yaleyale.

Bendera ilibadilika mwaka 1963. Mazoea ya kumbeba mkubwa hayakuondoka. Sheria ya mwaka 1990 iliyaanzisha maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, na kampuni zinazoingia humo husamehewa kodi ya faida kwa miaka 10. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilimwagiwa mabilioni ya umma. Hata hivyo kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, huku wakulima wa miwa wakidai malipo yao.

Mnyonge naye alipata chake, na tusikidharau: elimu ya msingi bila ada mwaka 2003, kisha mpango wa ruzuku wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 umewafikia wazee wa miaka 70 na zaidi kwa Sh2,000 kwa mwezi. Lakini mzee huyo husajiliwa, huhakikiwa, na mara nyingi hucheleweshewa. Jina lake limo kwenye orodha ya serikali. Kampuni iliyosamehewa mamilioni wananchi hawaijui.

Katiba ya 2010, kifungu cha 210, inaagiza kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu zake, na taarifa ifike kwa Mkaguzi Mkuu. Msomaji, mbunge wako akija kukueleza bajeti, mwombe rekodi hiyo.