Pendulumu Inayokawia: Historia ya Kipima-Tetemeko kutoka Tokyo hadi Mlima Elgon

Vipima-tetemeko vya pendulumu hutegemea kanuni moja: ardhi husogea, na kitu kizito kilichoning'inizwa huchelewa kuifuata. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayoandikwa. Lakini uzito hubaki nyuma pale tu ardhi inapotikisika haraka kuliko bembea ya pendulumu yenyewe. Ardhi ikienda polepole zaidi, uzito huandamana nayo na karatasi hubaki karibu tupu. Kwa hiyo historia ya vifaa hivi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutafuta pendulumu inayokawia.

Tetemeko kubwa la mbali hutuma mawimbi yanayosafiri kwenye uso wa dunia, na wimbi moja huchukua sekunde 20 hivi kupanda na kushuka. Pendulumu ya kamba ya sentimita 25 huenda na kurudi kwa sekunde 1. Ili ichukue sekunde 20, kamba ingehitaji urefu wa mita 100 hivi, kwa kuwa muda ukizidishwa mara 20, urefu huzidi mara 400. Hakuna nyumba ya kuihifadhi pendulumu ya namna hiyo.

Ufumbuzi ulikuwa kuilaza. Uzito huwekwa kwenye ncha ya mkono wa chuma unaozunguka nguzo, mithili ya geti kwenye bawaba zake. Mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma, karibu na Mlima Elgon, wanaijua tabia hiyo: nguzo ikiwa wima kabisa, geti hukaa popote linapoachwa; nguzo ikiinama kidogo, geti hurudi lenyewe mahali pamoja. Kadiri mwinamo unavyopungua, ndivyo linavyorudi taratibu. Kwa mkono wa nusu mita na bawaba zilizoachana kwa sentimita 20, bawaba ya juu ikitangulia ya chini kwa milimita 1 tu kuelekea upande wa uzito, bembea moja huchukua sekunde 20. Ikitangulia kwa nusu milimita, huchukua sekunde 28. Mwinamo ukiisha kabisa, mkono hauna tena pa kurudi.

Wazo hilo lilielezwa mwaka 1832 na Lorenz Hengler nchini Ujerumani, na Johann Zöllner akalifufua mwaka 1869. Lililolipeleka kwenye matetemeko ni tetemeko la Yokohama la Februari 22, 1880. Wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakifundisha Japani, wakiwamo John Milne na James Alfred Ewing, walianzisha chama cha wanasayansi wa matetemeko mwaka huohuo, na Ewing akaunda kipima-tetemeko cha pendulumu ya kulala. Aprili 17, 1889, pendulumu za Ernst von Rebeur-Paschwitz zilizokuwa Potsdam na Wilhelmshaven zilicheza bila sababu iliyojulikana. Baadaye alisoma habari za tetemeko la Tokyo, akalinganisha saa, akatambua kwamba mawimbi yake yalikuwa yamevuka dunia hadi Ujerumani.

Milne alirejea Uingereza mwaka 1895, akaishi Shide katika kisiwa cha Wight, na kusambaza mitambo yake katika makoloni hadi Cape Town. Mitambo hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuwa na breki. Ikishatikiswa, iliendelea kubembea yenyewe, hata ikawa vigumu kutenganisha mwendo wa ardhi na mwendo wa chombo. J. J. Shaw aliirekebisha kwa sumaku na bamba la shaba. Bamba likipita kati ya sumaku, umeme unaozaliwa ndani yake hulipinga na kulituliza. Hadi leo wanaojiundia vifaa nyumbani hutumia breki hiyohiyo.

Kufikia Januari 6, 1928, mitambo ya aina hiyo ilikuwa imeenea duniani. Siku hiyo ardhi ilipasuka Subukia, kilomita 170 hivi kutoka Kitale, kwa tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kenya. Ufa ulionekana kwa kilomita zaidi ya 30 kando ya mteremko wa Laikipia na Marmanet. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1991, N. N. Ambraseys aliweza kulichunguza upya tetemeko hilo kwa kuunganisha maelezo ya wakati ule na rekodi za vituo vya mbali.

Pendulumu ya kulala husikia mwendo wa pembeni tu. Kwa mwendo wa juu na chini, bembea inayokawia hivyo ilisubiri hadi mwaka 1934, Lucien LaCoste, mwanafunzi wa Arnold Romberg katika Chuo Kikuu cha Texas, alipochapisha muundo wa springi ambayo mvuto wake ni kana kwamba inaanza na urefu wa sifuri. Ikifungwa kwa pembe inayofaa, hubeba uzito huku ikikaribia kutourudisha kabisa, na hivyo bembea ya juu na chini nayo hukawia.

Miaka ya 1960 Marekani ilijenga mtandao wa vituo zaidi ya 100 duniani, kwa sehemu ili kufuatilia majaribio ya silaha za nyuklia. Nairobi ilipata kituo, na Addis Ababa pia, kila kimoja kikiwa na pendulumu tatu za haraka na tatu za polepole. Mwaka 1972 Leon Knopoff na John Schlue walitumia mawimbi marefu yaliyopita kati ya miji hiyo miwili, wakaonyesha kwamba chini ya Bonde la Ufa mawimbi hupungua kasi, dalili ya mwamba wenye joto. Karibu zaidi na Kitale, Chuo Kikuu cha Durham kilikuwa kimetandaza vipokezi huko Kaptagat, karibu na Eldoret, kuchunguza ukoko wa dunia upande wa magharibi wa Bonde.

Ufundi huu ulifika kwa umma Julai 1979, jarida la Scientific American lilipochapisha muundo wa James Lehman, mwalimu wa fizikia wa Virginia. Ni geti lilelile: mkono wa chuma, uzito wa kilo kadhaa, waya unaoushikilia kutoka juu ya nguzo, na ncha iliyonolewa inayoegemea chuma kigumu. Sumaku na koili hugeuza mwendo kuwa umeme.

Kitako husimama juu ya bolti tatu. Mbili za upande wa nguzo huuweka mkono katikati. Ya tatu, chini ya uzito, hupanga muda wa bembea. Bolti ya M6 hupanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Kwenye kitako cha sentimita 60, mzunguko huo mmoja hutosha kusogeza bembea kutoka sekunde 20 hadi zaidi ya 24.

Vifaa vya kazi hiyo vinapatikana kwa wachomeleaji wa Kitale na Bungoma. Ugumu uko chini ya kitako. Pendulumu ya sekunde 20 kwenye kitako hicho ikiinama ubavuni kwa sehemu ya kumi ya milimita, ncha ya mkono husogea zaidi ya sentimita 1.5. Udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua huweza kufanya hivyo, na vilevile malori ya mahindi ya Trans Nzoia na matrela yanayopita Bungoma kuelekea Malaba. Paa la mabati linalopata jua huufanya mkono utembee mchana kutwa. Kwa hiyo kifaa hukaa mbali na barabara, juu ya nguzo ya zege iliyotenganishwa na sakafu, ikiwezekana juu ya mwamba kama graniti ya Bungoma, ndani ya sanduku lililozibwa upepo na buibui.

Vituo vikuu sasa hutumia vifaa kama STS-1 ya Wielandt na Streckeisen, ambavyo kwa msaada wa elektroniki hufikia sekunde 360. Kenya ina kituo cha mtandao wa dunia huko Kilimambogo. Hata hivyo, pendulumu ya nyumbani ina kazi yake. Mawimbi ya uso kutoka Sumatra, kama yale ya Desemba 26, 2004, huifikia Kitale baada ya nusu saa hivi. Kwa tetemeko la karibu, sekunde zinazotenganisha wimbi la kwanza na la pili zikizidishwa kwa 8 hutoa umbali kwa kilomita: sekunde 21 zingeelekeza umbali wa Subukia. Kifaa hiki hakiwezi kutabiri tetemeko, na peke yake hakitoshi kuonyesha lilikotokea. Kwa kazi hiyo vinahitajika angalau vitatu vilivyo mbalimbali, na saa zinazokubaliana.