Pingu

Wazee wa pwani hawakuvichanganya vyombo vya kumfunga mwanadamu, kwani kila kimoja kilikuwa na mahali pake mwilini na adha yake: kongwa lilikuwa la shingo, mkatale ni wa miguu, mnyororo ni wa kuwaunganisha wengi, na pingu, ambayo leo twaijua katika mikono ya mtuhumiwa, ilikuwa hasa ya miguu, nayo ni pete mbili za chuma zilizozunguka vifundo, na baina yake chuma kilichopitishwa, hata aliyetiwa asiweze kutupa hatua kamili.

Asili ya neno hilo, kwa rai yangu, imo katika kitenzi pinga, si kwa maana ya kukataa kwa maneno, bali ya kuweka kitu kikakingama njiani. Na humo ndimo kilimotoka kipingo, kinachouzuia mlango usifunguke. Kongwa, ingawa jina lake ni jingine, nalo lilifunga kwa kukingamisha: shingo ya mateka iliingizwa katika panda ya mti, kisha kijiti au chuma kikapitishwa penye koo, na mpini wake mrefu ukafungwa katika kongwa la mwenziwe, na kwa hali hiyo watu wakateremshwa kutoka bara hata Kilwa na Bagamoyo.

Mapatano ya Sayyid Barghash na Waingereza, ya tarehe 5 Juni 1873, yalilifunga soko la watumwa la Unguja, lakini sheria ya huko haikuuondolea utumwa hadhi yake mpaka 1897, na ya Tanganyika mpaka 1922. Na kabla ya hapo Wadachi walikwisha kuwatia wafungwa mnyororo shingoni na kuwatoa makundi makundi kufanya kazi za barabara.

Ajabu ni kwamba neno hilohilo la pingu ni jina la hirizi, ambayo mtu huivaa kwa hiari yake, ili kinachopingwa kiwe shari na husuda. Na magazeti yakiandika kwamba bwana na bibi fulani wamefunga pingu za maisha, siwapingi waandishi, kwani arusi ina ridhaa, mahari na mashahidi; ila natamani maarusi hao waambiwe kwamba pingu ile ya kwanza ilichubua vifundo vya watu ambao hakuna aliyewauliza kama wameridhia, na ambao majina yao hayakuandikwa popote.